Mpendwa Mama Mwanvita

Mafiga, Morogoro
9 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, joto tu ndilo hatuelewani nalo. Na nyinyi huko Kinole je? Goti lako? Mjomba Salehe na kikohozi chake? Yule kuku wa kishingo bado anataga chini ya kitanda chako?

Hii ni barua ya nne mama. Najua tatu zilifika, maana Jastin wa Fuso ya ndizi ameniapia kwamba alikukabidhi mkononi, ukazifunga kwenye pindo la kanga. Nikipiga simu unakata. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata kabla sijamaliza.

Mtoto ana miezi mitano sasa. Amenona, mikono ina pingili kama muwa, na fizi zinamuwasha, kila kitu anatafuna. Jina lake bado siandiki, makusudi. Nilisema nitakutajia siku utakayokuja kumwona na bado nasema hivyo hivyo. Issa anakusalimu, kazi ya ufundi bomba siku ipo, siku haipo. Mimi asubuhi nakaanga maandazi, nawauzia wanachuo wanaokwenda Mazimbu.

Sasa kuna jambo dogo. Naomba usikasirike zaidi ya hapo ulipofikia.

Jumamosi nilikwenda duka jipya la vitu vya watoto, linaitwa Kicheko. Lina mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, mimi nikauambia asante. Nikachukua pampasi na sabuni, nikafika kwa keshia, msichana mzuri, jina lake limeandikwa kifuani, Pendo. Akaniuliza, "Namba ya simu, dada?"

Nikamwambia, "Nalipa taslimu."

"Najua. Namba."

"Ya nini sasa? Nimenunua sabuni, sijaja kuposwa."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. "Ni ya mfumo. Bila namba mfumo hauendelei."

Mama, hapo nikakwama. Simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye karai la maandazi, na hii laini nimeinunua juzi, sijaishika namba yake. Ya Issa naiona imeandikwa "Baba" tu, sijawahi kuitazama imeandikwaje. Nyuma yangu watu wanaguna, mama mmoja anasema, "Kama hana namba apishe wenzake." Kichwani kwangu kuna namba moja tu. Ni ile uliyonikaririsha nikiwa darasa la kwanza, ukaniambia nikipotea sokoni nimtajie mtu mzima yeyote.

Nikamtajia Pendo.

Akauliza na jina, nikampa. Wakikutumia meseji mama, zifute tu. Sikufanya kwa ubaya, ni foleni.

Mwanao,
Sabra


Kinole
2 Machi 2025

Sabra,

Shikamoo yako nimeiona. Kuitikia sijaamua.

Barua zako sikuzijibu, na hii nayo si jibu. Haya ni malalamiko. Naandika mwenyewe kwa mkono wangu, darasa la saba la zamani hilo. Na nimefunga leo, kwa hiyo sina nguvu ya kukugombeza sana.

Goti lipo. Salehe anakohoa. Kuku kaliwa na kicheche.

Jumanne nilikuwa pale kwenye jiwe, mahali mtandao unapofika, nasubiri simu ya mnunuzi wa ndizi. Simu ikatoa mlio. Miwani sikuwa nayo, nikampa binti wa jirani anisomee. Akasoma kwa sauti, watu wote wa kwenye jiwe wanasikia: "Mpendwa Mama Mwanvita, asante kwa kutuchagua."

Sabra. Mwanvita ni marehemu mama yangu. Mimi si mama wa Mwanvita, mimi ni mtoto wa Mwanvita. Nikajua ni watani wa ukoo wetu hao, maana hata siku ya matanga yake walivaa nguo zake wakajifanya ndiye yeye, wakadai pilipili. Hawashindwi kitu. Nikampigia mtani mkubwa, mzee Pazi, nikamwambia, "Marehemu mnamtumia meseji karibu na mwezi mtukufu, hamna haya?" Akaapa si yeye. Halafu akasema, "Lakini ni wazo zuri."

Jumamosi ikaja nyingine: "Mpendwa Mama Mwanvita, karibu tena Kicheko." Ndipo nikaenda nikaifungua hii barua yako ya mwisho, ambayo nilikuwa sijaifungua. Zile tatu bado.

Kwa hiyo ndilo jina ulilokuwa unanificha. Nimelisikia. Sisemi kitu.

Sasa nisikilize. Namba ya mtu si chumvi ya kuombwa dirishani. Namba ni mlango. Umempa mlango wangu mtu usiyemjua, yeye kampa Mfumo, na huyo Mfumo simjui hata ni wa ukoo gani. Tangu hapo anapita na mganga wa nyota kwa meseji zake, ananiita mjukuu, nami nadhani namzidi umri. Nenda ukafute.

Sina lingine.

Mama yako,
Mosi

Jino likitoka uandike limeanza chini au juu. Siulizi kwa ubaya.


Mafiga, Morogoro
5 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na Idi mubaraka ingawa imepita. Nimechelewa kwa sababu gia za Fuso ya Jastin zilikufa, na barua hii siwezi kumpa mtu mwingine. Pole ya kuku. Alikuwa na adabu yule.

Limeanza chini, mama! La chini kushoto. Issa alimulika kwa tochi ya simu, na mimi nikamwita jirani yangu Fatuma awe shahidi, usije ukasema tumepindua mtoto.

Ndiyo, ni Mwanvita. Nilitaka ulisikie kwa mdomo wangu ukiwa umemshika. Duka limeniwahi. Pendo aliuliza, "Jina la mteja?" nikasema Mama Mwanvita, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja mbele ya mtu asiyenijua. Nilijiona mtu mzima, mama, nikasahau kwamba namba ni yako.

Nimekwenda kufuta kama ulivyoagiza. Pendo kanitazama kama nimemwambia arudishe mvua mawinguni.

"Kufuta namba, lazima mwenye namba aje mwenyewe na kitambulisho."

"Mwenye namba yuko Kinole, mlimani."

"Basi apige huduma kwa wateja."

"Kule mtandao uko juu ya jiwe, na goti lake haliwezi kusubiri huo muziki wenu."

"Atume barua pepe."

"Mama yangu na barua pepe! Hata za kalamu hafungui."

Nikamuuliza, mbona siku ya kuingiza hukuniomba kitambulisho? Akasema, "Kuingia ni rahisi, dada. Kutoka ndiyo kazi." Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Kama ndoa," mkewe akampokonya kikapu.

Kwa hiyo mama, mwenye namba anatakiwa aje mjini mwenyewe. Sikusema mimi. Umesema mfumo.

Ila ukija, usije mchana kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Sipo nyumbani. Kuna mahali naenda siku hizi, mtoto anabaki kwa Fatuma. Usiniulize ni wapi. Si pabaya.

Mwanao,
Sabra


Kinole
11 Mei 2025

Sabra,

Marahaba. Hiyo ni ya barua ya kwanza. Nyingine zimo kwenye foleni, si ndivyo mnavyosema huko?

Chini ni vizuri. Nimemwambia Salehe, akafurahi, akaacha kukohoa dakika nzima.

Masika yamekata barabara mara mbili. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, sasa naliandika.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye jiwe, meseji ikaingia. Safari hii nimesoma mwenyewe, miwani ninayo. "HONGERA Mama Mwanvita! Umefikisha pointi 35." Haikutaja duka. Na hata ingetaja, duka linatoa chenji, pointi zinatoka shule. Nikakumbuka maneno yako: saa nane, kuna mahali unaenda, usiniulize. Nikasema, mwanangu karudi shule kimya kimya, kafanya mtihani, na matokeo yameletwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mzazi. Wamemwandika Mama Mwanvita, nikasema labda siku hizi ndivyo wanavyowaandika wanafunzi wenye watoto.

Nimepiga kigelegele juu ya jiwe, Sabra. Na goti hili. Nikatuma watu wakalete mkungu wa ndizi mbivu, nikagawa.

Akapita mwalimu Jonathan, yule wa sekondari. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Binti yangu kapata pointi thelathini na tano. Mtoto wa balozi alipata kumi na tisa tu mkamchinjia mbuzi!" Mwalimu akavua kofia. Akasema, "Mama, kidato cha nne pointi zikizidi ndiyo vibaya. Thelathini na tano ndiyo ziro yenyewe, chini yake hakuna kitu." Akaongeza kwamba matokeo hayatoki Mei. Nikamwambia aache wivu.

Watu walikuwa na ndizi zangu mdomoni. Hakuna aliyejua kama atafune au ateme.

Sasa nakwambia. Ziro haiui mtu. Na nikueleze jambo ambalo sikukueleza. Mimi sikukunyamazia kwa sababu ya mimba. Wewe mwenyewe nilikubeba kabla ya kuolewa, hilo hukuwahi kuambiwa, sasa umeambiwa. Nilikunyamazia kwa ajili ya madaftari. Ulivyoondoka kwenda kwa Issa uliyaacha chini ya kitanda kama maganda ya ndizi. Panya wamemaliza Jiografia, wako kwenye Historia. Kila nikifagia naokota vipande vya Afrika.

Rudia mtihani. Hata ikija ziro nyingine, kigelegele nimeshakipiga, sikirudishi.

Mama yako,
Mosi


Mafiga, Morogoro
1 Juni 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ndoo, karai liko jikoni. Nimecheka, nimelia, maandazi yote ya mkupuo ule yameungua. Wanachuo wamekula hivyo hivyo, wana njaa wale.

Mama, ni pointi za pampasi. Ukinunua vitu pale wanakuhesabia pointi, zikifika hamsini wanakupa beseni. Ile ziro ni ya beseni, mama. Mwambie mwalimu Jonathan avae kofia yake.

Lakini hukukosea kote.

Mahali ninapokwenda saa nane ni darasani. Ni kituo cha watu wanaorudi kusoma, tuko ishirini na mbili, mmoja ni bibi mwenye wajukuu kukuzidi. Najiandaa na mtihani wa maarifa, wa sisi tulioishia njiani kidato cha pili. Nikifaulu huo naruhusiwa kuendelea mpaka cha nne. Unafanyika Novemba. Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Nilisema nikishindwa tena, nitakuwa nimekuumiza mara mbili kwa kitu kile kile, bora usijue. Issa ndiye aliyeninunulia madaftari. Afrika ninayo mpya, nzima, haina hata jino la panya.

Na la kabla ya kuolewa, nimelisoma mara tatu. Silisemi. Ila nimembusu Mwanvita kwa niaba yako na kwa niaba yangu.

Kitu kimoja kinanisumbua. Fatuma anahamia Gairo mwezi wa saba, mumewe amepata kazi kule. Darasani watoto hawakai. Siku moja nilijaribu kumpeleka Mwanvita, akamcheulia mwalimu wa Hesabu katikati ya kipeo cha pili. Sikuombi kitu mama. Nakupa habari tu.

Na pia nimekutii. Jana tumekwenda Kicheko na Issa, tukaweka namba yake juu ya yako. Pendo kasema kubadilisha mfumo unakubali, kufuta tu ndiyo haukubali. Kwa hiyo umepumzika. Hawatakusumbua tena.

Mwanao,
Sabra


Kinole
29 Juni 2025

Sabra,

Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Hesabu mwenyewe, shikamoo zako zote zimekwisha itikiwa. Zile barua tatu nimezifungua. Ungeniambia kwamba kwenye ya pili ulinichorea unyayo wa mtoto.

Wiki nne simu haijalia. Nimepanda kwenye jiwe Jumamosi zote nne, anayenikumbuka ni mganga wa nyota peke yake.

Nilisema ufute, ndiyo, nilisema. Lakini mtu akisema "niache" si unamtazama usoni kwanza? Wewe hukuwa na uso wangu, ulikuwa na barua, haya, nakusamehe. Zile meseji zilikuwa zinakuja kila Jumamosi. "Mpendwa Mama Mwanvita, asante." Nikawa najua leo wametoka, mtoto ana pampasi, Issa ana kazi, hakuna aliyeugua. Nikishuka namwambia Salehe, "Wameshanunua." Anakohoa mara moja, yameisha. Sasa nikishuka ananitazama tu. Juzi kaniuliza, "Au kuna jambo wanatuficha?" Nikamfokea. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa.

Mtoto halelewi kwa habari. Fatuma aende Gairo salama. Jumamosi hii nashuka na Fuso ya Jastin, nimemwambia nakaa mbele. Migomba atabaki nayo Salehe. Nakuja na ndizi, mdalasini na Historia iliyobaki, panya wameishia Vita vya Maji Maji. Utaniambia wewe jinsi vilivyomalizika.

Usinipokee kwa kilio, nina goti. Na kabla sijanywa hata maji, unipeleke kwa huyo Pendo. Kitambulisho ninacho.

Mosi,
mtoto wa Mwanvita, bibi wa Mwanvita


Mafiga, Morogoro
7 Desemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Jastin kasema mlifika salama na kwamba njiani umemfundisha kuendesha. Mjomba Salehe kasemaje alipokuona? Migomba kaitunza?

Nyumba imekuwa kubwa tangu ulipoondoka Jumatatu. Mwanvita kazunguka na miguu yake yote miwili mpya, kakutafuta nyuma ya mlango, chini ya meza, ndani ya beseni. Lile beseni la pointi hamsini ndilo anataka kuogea, kulala na kulia. Na mchezo mliomfundisha wewe na Pendo hajauacha. Mgeni akiingia tu anamnyooshea mkono, "Nambaa?" Issa alidhani anamwita mama, nikamwambia hapana, huyo ni keshia.

Pale Kicheko bado wanakuulizia. Pendo anasema tangu aanze kazi hajaona mteja anayeombwa namba, naye anaegemea meza, foleni iko mpaka mlangoni, anasema, "Nipe na wewe yako kwanza, mwanangu. Mlango kwa mlango." Na alivyokupa kweli! Mimi nilitaka kuingia chini ya rafu za sabuni. Anasema umempigia mara mbili tangu urudi. Mara ya kwanza kumsalimia, mara ya pili kumuuliza kama kaolewa, maana mtoto wa mzee Pazi ana shamba. Sasa Jumamosi sihitaji kutaja kitu. Ananiona tu anasema, "Bibi Mwanvita," anaandika namba yako yeye mwenyewe, bila kuuliza. Meseji ya jana umeipata? Zilikuwa sabuni mbili na uji wa lishe. Wote wazima.

Mtihani umekwisha, unajua, ulikuwapo siku ya mwisho na chai yako ya mdalasini. Lakini moja sikukwambia. Karatasi ya Jiografia ilikuwa na ramani ya Afrika. Nzima mama, na mito yake. Nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kusimama karibu. Nikaijaza yote. Kama nimekosea, nimekosea, lakini hakuna kipande nilichokiacha wazi.

Jana kituo kilituita. Wamepitisha karatasi, kila mtu aandike namba ambayo matokeo yatatumwa Januari. Dada aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na haraka, akaguna kama wale wa foleni. Ila sikukwama safari hii. Namba yangu naijua sasa, na ya Issa naijua, hata ya Pendo naijua.

Nimeandika yako.

Kwa hiyo Januari uwe na chaji, na miwani usiisahau nyumbani. Kwenye jina sikuandika Mama Mwanvita. Nimeandika Sabra. Ikiingia meseji inaanza na hilo, ujue si ya pampasi. Usipige kigelegele kabla hujamuuliza mwalimu Jonathan.

Au piga tu.

Mwanao,
Sabra